Aline Uwimana, Mwangalizi wa Vivuli

Kivuli cha Aline Uwimana kilipimwa saa saba mchana, uani kwa mwenyekiti, kwa futi ya fundi cherehani, kikakutwa na sentimita ishirini na nane. Kati ya vivuli vyote vya wanachama kumi na tisa wa Tujaribu Tena, kikundi cha wasindikaji wa tangawizi wa Mabamba, hicho ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote. Kivuli cha mwenyekiti, mzee Stanislaus, kilipimwa saa tatu asubuhi, maana mwenyekiti hapangi foleni, nacho kilifika mita tatu na ushee. Wengine walifuata kwa vyeo vyao, kisha kwa sauti zao. Aline hakuwa na cheo wala sauti. Kila aliyemwambia "nipishe kidogo, dada" alimpisha, mpaka jua likamkuta amebaki peke yake, nalo liko utosini.

"Huyu hapa," alisema mzee Stanislaus akiangalia futi. "Mwanamke karibu hana kivuli kabisa. Katibu, andika. Aline Uwimana ndiye Mwangalizi wa Vivuli."

Aline alitaka kusema kwamba ni saa. Alifungua kinywa, akaona watu wote wanamtazama, akakifunga.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Wazazi wake walivuka mpaka mwaka sabini na mbili wakiwa na kuku mmoja na jembe, na yeye alizaliwa upande huu. Cheti chake cha uraia kilikaa ndani ya Biblia ya mumewe, Pasikali, fundi baiskeli. Alilima robo eka ya tangawizi, na katika kikundi kazi yake ilikuwa kuchekecha. Unga uliotoka kwenye kinu aliupitisha kwenye kitambaa, akaupitisha tena, bila haraka, mpaka uwe laini kama vumbi la chaki. Alipenda kazi hiyo kwa sababu haihitaji mtu kuongea. Hakuwahi kugombea chochote maishani mwake, na sasa alikuwa kiongozi kwa sababu ya jua.

Mambo hayo yalianza na mashine. Ililetwa kutoka Kasulu na binti mmoja mpimaji wa vyakula, Yasmini, kwa niaba ya mradi wa utafiti. Ilikuwa sanduku la bati refu kama jeneza, lenye taa ndani na sinia linalotetemeka. Watu wa Mabamba waliiita Radi siku ileile. Yasmini aliifunga katika chumba chenye giza nyuma ya kinu, akagawa miwani myeusi, kisha akaeleza.

"Taa hii inawaka na kuzimika upesi kuliko kope. Kila mmweko una mionzi inayoua bakteria na ukungu, na unga haupati moto. Mngetumia mvuke, wadudu wangekufa, lakini unga ungeshikana mabonge na harufu ingeondoka na mvuke. Kwa mwanga, tangawizi inabaki kali vilevile."

"Sasa jua letu lina kosa gani?" aliuliza Tunu, mweka hazina, mwanamke mnene mwenye maneno. "Si tunaanika siku nne? Jua nalo si mwanga?"

"Ni mwanga, mama, lakini hautoshi. Na mnapoanika, kuku wanapita juu."

"Kuku wangu hawapiti juu ya kitu."

"Kuku wa jirani, basi," alisema Yasmini, na watu wakakubali, kwa kuwa kuku wa jirani kila mtu anawajua. "Ila kuna jambo moja. Mwanga unaua kile unachokiona tu. Hauzami ndani ya unga. Punje ikijificha nyuma ya mwenzake, inatoka na wadudu wake wote. Ndiyo maana sinia linatetemeka, unga urukeruke, kila punje igeuke. Adui wetu ni kivuli."

Katika maelezo yote hayo, katibu Tharsisi aliandika sentensi ya mwisho tu, akaipigia mstari.

Yasmini aliporudi Kasulu, kikundi kilifanya kikao cha saa nne juu ya adui huyo. Kiliazimia kwamba kofia zisiingie chumbani. Kiliazimia kuta zipakwe chokaa. Kiliazimia wanachama wanene wasimame nje Radi inapopiga, jambo lililomfanya Tunu atoke kikaoni na kurudi mara mbili. Mwisho kiliazimia achaguliwe mwangalizi, awe mtu ambaye yeye mwenyewe ana kivuli kidogo, asije akaongeza tatizo.

Aline aliichukua kazi hiyo kama alivyochukua kuchekecha. Alinunua daftari la kurasa themanini. Kila unga ulipopitishwa kwenye taa, alisimama na miwani yake, akaandika kila kivuli alichokiona tangu mwanzo wa kazi hadi mfuko unapoondoka Mabamba, bila kuchagua. *Kivuli cha beseni, saa nne na robo. Kivuli cha paka, saa nne na dakika ishirini, ametolewa. Kivuli cha mkono wa Tharsisi akizima swichi.* Hakuna aliyewahi kulisoma daftari hilo. Liliwekwa mezani wakati wa vikao, na mzee Stanislaus aliliwekea kiganja juu alipozungumza.

Sampuli ya kwanza ilikwenda Kasulu na Mansuri, mwenye duka la viungo pale mjini, ambaye kila Jumatatu alipita Mabamba na Noah yake kuchukua mizigo. Majibu yalirudi kwa simu: wadudu wamezidi kiwango. Sampuli ya pili ilikwenda. Wadudu walizidi zaidi.

Kisha Yasmini akaandika barua. Alisema anasikitika. Alisema mashine ni ya majaribio, na kikundi cha Busunzu kinaiomba. Kama sampuli ya tatu nayo ingekataliwa, gari lingekuja kuichukua. Na bila ile mashine hakuna mnunuzi mkubwa ambaye angepokea tangawizi ya Mabamba, maana wote walitaka unga uliopimwa.

"Busunzu!" alisema mzee Stanislaus, kama mtu aliyeambiwa mkewe anahamia kwa jirani.

Kikao kiliitwa saa mbili asubuhi. Tunu alisimama kabla ya sala.

"Mimi nitasema, na asiyependa asipende. Kivuli cha Aline kimenenepa."

"Tunu," alisema katibu.

"Kipimwe!"

Kikapimwa, saa mbili na dakika kumi, kwa futi ileile. Futi haikutosha. Walipima, wakaweka alama ya kijiti, wakapima tena, na tena. Mita tano na nusu. Kivuli cha Aline kilivuka ua, kikapanda ukuta wa banda la mbuzi.

"Kutoka sentimita ishirini na nane," alisema katibu polepole, akisoma kitabu chake.

"Alikuwa anatuficha," alisema Tunu. "Mita tano! Mtu anaingia na kitu kama hicho chumbani, wadudu wasipone?"

Tharsisi alifika hadi kupendekeza afukuzwe. Mzee Stanislaus aliinua mkono. Aliamua kwamba Aline asimamie sampuli ya tatu, na kwamba ikikataliwa, Radi ikienda Busunzu, naye atakwenda nyumbani kwake, na jina lake litafutwa katika kitabu cha wanachama kwa wino mwekundu.

Jioni ile Pasikali alimkuta mkewe mlangoni na daftari magotini, jua likizama.

"Wanasema kivuli changu ni kirefu."

Pasikali alikitazama. Wakati huo kilikuwa kimefika barabarani, na baiskeli zilikuwa zinapita juu yake.

"Ni kirefu kweli," alisema, akaenda kunawa.

Aline alilisoma daftari tangu ukurasa wa kwanza. Alisoma beseni, paka, swichi. Alisoma mfuko wa plastiki wenye zipu aliouacha Yasmini, uliojazwa mlemle chumbani chini ya taa na kufungwa. Mpaka hapo vivuli vyote vilikuwa vya kawaida. Kisha akafika kwenye maandishi aliyoyaandika uani, mfuko ulipotolewa nje kumkabidhi Mansuri.

*Kivuli cha kidole cha mwenyekiti juu ya unga, saa tano na dakika mbili. Kivuli cha kidole cha katibu, saa tano na dakika mbili. Kivuli cha kidole cha Tunu, mara mbili. Kivuli cha kidole cha Mansuri.*

Alihesabu. Sampuli ya kwanza, vidole kumi na kimoja. Sampuli ya pili, kumi na vinne, kwa sababu siku hiyo walikuwa na wageni kutoka kanisani.

Aliyaona kwa macho yake na kuyaandika kwa mkono wake, na bado hakuyaona. Angeyaonaje? Hakuna mtu wa kule anayempa mgeni kinywaji au chakula bila kukionja kwanza mbele yake. Kwa lugha ya nyumbani huitwa kusogongera. Mwenye nyumba hunywa funda la kwanza, mgeni akaona kwamba hakuna sumu, ndipo chombo kinapita. Mzee Stanislaus, akimkabidhi Mansuri mfuko, alikuwa ameufungua, akachovya kidole, akalamba, akachovya tena kwa uhakika, akampitishia katibu. Mansuri naye alionja ili asionekane anawadharau. Kisha zipu ilifungwa vizuri sana, na wadudu wa watu kumi na mmoja walisafiri hadi Kasulu kwa heshima zote.

Asubuhi Aline alikwenda kwa mwenyekiti. Alikuta wanamfunga mguu kitambaa, umevimba kwa ugonjwa wa gauti. Tunu na Tharsisi walikuwepo, kumpa pole.

"Mzee, ni vidole," alisema Aline.

"Sema kwa nguvu."

"Vidole!"

Alipokwisha kueleza, mzee Stanislaus alikitazama kidole chake cha shahada, mbele na nyuma.

"Unasema hiki kina wadudu."

"Sisemi chako peke yake, mzee. Vilikuwa kumi na kimoja."

"Mimi nilinawa," alisema Tunu.

"Ukalamba, mama, ukachovya tena. Nimeandika hapa, mara mbili."

"Ya kwanza ilikuwa kidogo!"

"Aline," alisema mzee. "Nina miaka sitini na minane. Sijampa mtu kitu ambacho sijakitia kinywani mwangu. Hata dawa ya ng'ombe niliyompa mkwe wangu niliionja mbele yake."

"Ikawaje?" aliuliza Tharsisi.

"Nililala siku mbili. Lakini mkwe hakuwa na wasiwasi."

Tharsisi alipendekeza mifuko miwili ya unga uleule, mmoja wa kuonja, mmoja wa kupeleka. Mzee alimtazama kwa huzuni. "Ninaonja chungu hiki, mgeni nampa kile? Hivyo ndivyo watu wanavyouana, Tharsisi." Tunu alipendekeza waonje kabla ya taa, mbele ya Mansuri, kisha Radi iue kila kitu pamoja na mate. Kila mtu aliona hilo ni zuri, mpaka mzee alipouliza, "Na taa nani kaionja?"

Mbuzi alilia bandani.

"Taa inaingia baada yangu," aliendelea. "Kama imetia kitu, nitakuwa nimemdhamini mtu nisiyemjua."

Hapo Aline alifanya jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake: alizungumza bila kuulizwa.

"Mzee, mgeni ni nani?"

"Mansuri."

"Mansuri ni mbebaji. Si yeye anayekula. Mgeni ni Yasmini, anayepokea. Na Yasmini hali, anapima kwanza. Anaweka unga kwenye visahani, anaacha siku tatu, anahesabu. Kipimo hakina kinywa. Mtu huonja kabla ya kinywa cha mgeni, si kabla ya kisahani. Basi tuonje kulekule Kasulu, yeye akishapima, kabla hajala."

Mzee Stanislaus alifumba macho muda mrefu, wakadhani ni mguu.

"Haina kosa," alisema. "Lakini mwenyekiti ndiye anayeonja, nami siwezi kusafiri na mguu huu."

Ndipo kikao cha dharura kikafanyika palepale kando ya kitanda, na muhtasari wake upo hadi leo, kwa mwandiko wa Tharsisi: *Kikao kimeazimia kwamba ulimi wa mwenyekiti ukaimishwe kwa Mwangalizi wa Vivuli kwa muda wa siku nne. Kaimu hataonja chochote njiani.*

Jumatatu sampuli ya tatu ilipita kwenye taa, ikafungwa chumbani, ikatoka imefungwa. Wanachama walisimama uani kama watu wa msibani, mikono nyuma. Mansuri alinyoosha kidole kwa mazoea.

"Bado," alisema Aline.

"Bado nini, dada? Mimi si ndiye huwa naonja?"

"Wewe ni mbebaji," alisema Tunu kwa sauti ya mtu aliyelijua hilo siku zote.

Aline alipanda mbele na kuweka mfuko mapajani. Walipofika kizuizini, baada ya Kibondo, askari aliinama dirishani akauona unga wa rangi ya majani makavu ndani ya plastiki, umeshikwa kwa mikono miwili.

"Hicho ni nini, mama?"

"Tangawizi."

"Tangawizi inashikwa hivyo? Fungua."

Mfuko ukifunguliwa, kidole kikiingia, basi, Radi imekwenda Busunzu. Alitafuta neno, sauti yoyote.

"Haijaonjwa," alisema.

Askari, ambaye kwa matamshi yake alikuwa mtu wa Kasulu vijijini, alirudisha mkono.

"Haijaonjwa na nani?"

"Na mtu yeyote."

"Na unawapelekea watu?"

"Ego," aliitikia Aline, yaani ndiyo, kwa lugha ya nyumbani.

Askari alimtazama Mansuri. Mansuri alitazama usukani. "Pita, mama," alisema askari, akarudi nyuma hatua mbili, na gari lilipoondoka Aline alimwona kwenye kioo akifuta mkono kwenye suruali, ingawa hakugusa kitu.

Maabara ya Yasmini ilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe. Binti alichota unga kwa kijiko kidogo kilichopitishwa motoni, akaweka anachotaka kupima, akafunga mfuko.

"Ahsante, mama. Majibu Alhamisi. Nitapiga simu."

"Nitakaa," alisema Aline.

"Siku tatu?"

"Na mfuko."

Yasmini alidhani hakusikia vizuri. Lakini Aline alikaa kwenye benchi la barazani hadi ofisi ilipofungwa, akalala kwa dada wa Pasikali pale mjini, na kesho yake saa moja na nusu alikuwa benchini tena, akitazama kupitia kioo cha dirisha rafu ambapo mfuko ulikaa. Mfanyakazi wa usafi alipoukaribia na kitambaa chake, Aline aligonga kioo. Jumatano Yasmini alichoka, akauliza, na Aline akamweleza yote, kuanzia futi hadi vidole kumi na vinne. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho.

"Mama, kumbe mashine ilikuwa inafanya kazi. Mimi niliandika ripoti kwamba imeshindwa. Nilidhani nimekosea mahesabu ya taa. Sikulala wiki mbili."

"Pole, daktari."

"Mimi si daktari."

"Pole hivyohivyo."

Alhamisi asubuhi Yasmini alifungua kabati la joto, akatoa visahani kimoja kimoja, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Aline alikuwa upande wa pili wa kioo, pua imebonyea. Kisahani cha kwanza kilikuwa kitupu. Cha pili kina vidoa viwili. Cha tatu kitupu. Yasmini alihesabu mara ya pili, akaandika, akagonga muhuri, akatoka barazani na karatasi.

"Imepita. Iko chini kabisa ya kiwango. Mashine inabaki Mabamba."

Aline aliishika karatasi, akasoma jina la kikundi, akaikunja. Hakusimama.

"Sasa tuonje," alisema.

Yasmini alileta mfuko, maji ya moto kwenye chupa na vikombe viwili. Aline alifungua zipu, akachota kwa ncha ya kijiko, akaweka kwenye ulimi wa mwenyekiti, ambao kwa siku hiyo ulikuwa wake. Ilikuwa kali. Ilimpanda puani, machozi yakamtoka, na katika ukali ule alilitambua shamba lake mwenyewe, ile robo eka ya juu kwenye mawe. Taa haikuwa imechukua chochote. Alikoroga kikombe cha pili, akamsogezea mgeni.

Yasmini hakukipokea.

"Mama, samahani. Leo Alhamisi. Nimefunga sunna."

Basi la kurudi Kibondo lilikuwa linaondoka saa sita. Aline alilifikiria. Alifikiria pia kwamba ameonja, na mgeni hajanywa, na kitu kikikaa hivyo katikati ni kibaya kuliko kama kisingeonjwa kabisa.

"Utafungua saa ngapi?"

"Magharibi. Kama saa moja kasorobo hivi."

"Haya," alisema Aline, akakifunika kikombe kwa karatasi ya majibu.

Simu ya mzee Stanislaus iliita mara saba mchana huo. Kila mara Aline alisema bado. Karatasi ya majibu ni nzuri, mzee, lakini bado. Wanachama walikuwa wamekusanyika kando ya kitanda, na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Alimsikia Tunu akiuliza huyo binti kwa nini afunge siku ya watu. Adhana ilipoita kutoka msikiti wa sokoni, Yasmini alikula tende moja, akakoroga unga wa mfuko uleule katika maji mapya ya moto, Aline akanywa funda, naye akapokea na kunywa.

"Mzee," alisema Aline kwenye simu, "mgeni amekunywa."

"Yu mzima?"

Aline alimtazama Yasmini, aliyekuwa ameshika kifua, macho yamejaa maji, akipunga mkono apewe nafasi.

"Anakohoa."

Kule Mabamba kilisikika kicheko cha watu wengi kwa pamoja, na sauti ya mzee Stanislaus juu ya zote, akimwambia katibu aandike kwamba mgeni anakohoa, na saa aliyoanza.